Doa la Kijani kwenye Gauni la Ubatizo

Vibeke Ravnkilde alikuwa na mdomo. Tuanzie hapo, maana wanaomsifu huanzia kwenye akili, na akili pale chuo cha udaktari cha Aarhus, Denmark, wanazo wengi. Mdomo ule alikuwa nao peke yake. Alikuwa binti wa tarishi wa posta kutoka Thy, ambako watu huzungumza wakishindana na upepo, na sauti hiyo hiyo ndiyo aliyoingia nayo darasani miaka yote aliyofundisha anatomia. Ujanani alifanya kazi wodini majira mamoja ya baridi, akarudi zake kwenye chumba cha kupasulia maiti. "Wagonjwa wanabishana," alisema. "Wangu hawabishani." Madaktari wa wodini wakamwita daktari wa maiti, naye akalipokea jina, akalivaa kama koti.

Lakini usidhani alifundisha habari za wafu. Hata kidogo! Majina matupu ya mifupa na mishipa aliyachukia. "Kasuku naye anaweza," aliwaambia wanafunzi. Somo lake lilianza na mtu aliye hai, amebisha hodi kwa daktari: fundi bomba wa Randers ambaye sauti imemkauka tangu Pasaka na hana mafua, binti mwenye uvimbe shingoni unaopanda kila akitoa ulimi. Hapo ndipo Vibeke alipowarudisha nyuma mpaka tumboni mwa mama, wakati mtu ni kijidude kisichofika urefu wa ukucha, awaonyeshe nini kilishuka kutoka wapi na kilipita njia gani. Kila kiungo kina utoto wake, alisema, na asiyeujua utoto huo atashangaa siku kikimgeuka. Kisha darasa zima lilisimama, wajipapase shingo, watoe ndimi. Siku moja mkuu wa kitivo alichungulia dirishani akakuta vijana chungu nzima wamemtolea ulimi. Akaenda zake bila kuuliza.

Maswali yake yalikuwa matatu, na yalikuwa yale yale kila mwaka. Unaona nini? Kilianzaje? Sasa unafanya nini? Mawili ya kwanza mwanafunzi mwenye bidii aliyamudu. La tatu ndilo lililowaangusha.

Ndilo lililomwangusha Asta Lindegaard. Asta alikuwa mtoto wa Bodil, jirani wa Vibeke katika kijiji kimoja kule Mols, nyumba kwa nyumba, ua wa miti katikati. Vibeke alimjua tangu akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu. Mwezi wa Januari msichana aliingia kwenye chumba cha mtihani, akavuta karatasi yake mezani kama ilivyo desturi, mbele ya Vibeke na mtahini mgeni kutoka chuo kingine. Karatasi ilisema: mtoto mchanga anatokwa na povu mdomoni, na maziwa ya kwanza kunyonya yamempalia. Asta akaeleza, na akaeleza vizuri hasa, jinsi njia ya hewa na njia ya chakula zinavyoanza kama bomba moja, zinavyoachana, na zinavyoweza kukosea kuachana. Mtahini mgeni akawa anatabasamu.

"Sawa," Vibeke akasema. "Mtoto yuko mbele yako. Unafanya nini?"

"Ningesubiri kidogo, nione anaendeleaje."

"Umesubiri. Amekufa. Tuonane Juni."

Basi. Asta akatoka nje, na huko nje mama yake alikuwa amesimama na maua na chupa ya mvinyo, kama familia zinavyowangoja watoto wao mlangoni pa mtihani. Fikiria mwenyewe. Tangu siku hiyo Bodil alimsalimu Vibeke kwa kidevu, na Vibeke akajiambia kwamba heri mwanafunzi alie leo kuliko mgonjwa alie kesho. Aliamini hivyo kabisa, na alilala usingizi wake.

Mwezi wa Mei ukaja ubatizo. Johanne, dada mkubwa wa Asta, alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi miwili, Villads, na karamu ilifanyika kwa Bodil. Jirani wa ua mmoja humwachi nje, watu watasema. Bodil akamwalika Vibeke. Ila kadi yenye jina lake aliiweka mwisho kabisa wa meza, pembeni ya mlango wa jikoni, kati ya mjomba kiziwi na kiti kitupu. Vibeke akaisoma kadi, akaipima meza kwa macho kutoka mwanzo mpaka mwisho, akacheka kimoyomoyo. Ujumbe umefika, akajisemea, akajipakulia samaki wa siki na mkate mweusi.

Villads alikuwa amebatizwa ndani ya gauni la ukoo, refu mara tatu ya urefu wake, lenye majina ya wote waliolivaa yametariziwa pindoni tangu enzi za babu yake Bodil. Asta, mama yake wa ubatizo, ndiye aliyembeba kanisani. Waliporudi nyumbani walimvua, wakamlaza kwenye kigari chake nje, chini ya upenu, apate hewa baridi, maana kule mtoto mzima mchana hulazwa nje. Usiku kucha alikuwa amelia. Sasa alikuwa kimya.

"Amelala kama gogo!" Bodil akawatangazia wageni kwa furaha. "Mtu asinigusie kigari hicho!"

Wakala, wakanywa, wakagonga glasi. Kresten, baba wa mtoto, alikuwa ametunga wimbo wa kumkaribisha mwanawe, na karatasi za maneno zikagawiwa. Walikuwa ubeti wa pili Asta alipokuja huku mwisho, akijifanya anakusanya sahani, akakaa kwenye kile kiti kitupu.

"Vibeke. Villads alitapika."

"Watoto hutapika. Rangi gani?"

"Mama ameshalifua gauni. Kwa ile sabuni ya nyongo ya ng'ombe, ya kutolea madoa. Anasema yalikuwa maziwa yaliyoganda."

"Sikukuuliza mama yako anasemaje. Wewe ndiye uliyembeba."

Asta akatazama sahani. "Kama njano hivi. Sijui. Nesi anayewatembelea nyumbani alisema ni mtoto wa kucheua tu."

"Njano ya haradali au ya majani?"

"Ya majani," Asta akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Kijani, Vibeke. Kama supu ya njegere."

Vibeke akaweka uma chini. Akainuka katikati ya ubeti, jambo ambalo kule halifanywi, akamshika msichana mkono wakapitia jikoni.

"Nyongo inaingia wapi kwenye utumbo?"

"Chini kidogo ya mfuko wa chakula."

"Basi akitapika kijani, kizuizi kiko juu ya hapo au chini?"

"Chini."

"Mtoto alikuwa mzima miezi miwili, halafu ghafla anazibwa. Kilianzaje?"

Asta akasimama katikati ya jiko. "Utumbo haukugeuka. Tumboni mwa mama hukua haraka kuliko nafasi yake, hutoka nje kwenye kitovu, halafu hurudi ndani ukijigeuza na kujishikiza mgongoni. Wake haukujishikiza. Unaning'inia. Umejisokota."

"Unangoja nini hapa, sasa?"

Wakatoka mbio. Vibeke akafunua kigari. Uso wa mtoto ulikuwa na rangi ya unga uliolowa, jasho baridi kwenye paji, magoti ameyakunja hadi tumboni. Alipoguswa hakulia, aliguna tu, kama mzee.

"Huyu halali," Vibeke akasema. "Huyu anatuishia."

Johanne akatokea mlangoni, nyuma yake Bodil na kitambaa cha vyombo begani. "Msimwamshe, jamani! Ndiyo kwanza amepata usingizi."

"Johanne, mwanao anatakiwa hospitali sasa hivi."

"Vibeke!" Bodil akaja juu. "Huu ni ubatizo wa watu, si darasa lako. Januari uliniangushia mtoto mmoja, leo unataka na mjukuu? Wewe daktari wa maiti, watoto wazima unawajulia wapi?"

"Ndiyo, ni daktari wa maiti," Vibeke akasema. "Ndiyo maana sitaki huyu aje kwangu."

Ndani walikuwa wanaimba kwa nguvu zote. Vibeke akamgeukia Asta. Angeweza kupiga simu mwenyewe, na alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Lakini alimwona msichana anavyomtazama mama yake, halafu dada yake, halafu mtoto.

"Sasa unafanya nini, Asta?"

"Napiga moja moja mbili, waje na gari la wagonjwa," Asta akasema, akapiga.

Johanne alikuwa ameshamnyakua mtoto, ameanza kufungua vifungo vya blauzi. "Ana njaa tu. Hajanyonya tangu asubuhi."

"Hapana! Tone lisiingie." Vibeke akatazama huku na huku. Lile gauni la ubatizo lilikuwa kwenye kamba, jeupe, limelowa, halina doa tena, Bodil alikuwa amelifua kwa ufundi wake wote. Akalivuta likaanguka na vibanio. Akamkabidhi Asta mabega ya gauni amshikie kwa mkono ule usio na simu, yeye akashika pindo. "Nitazame, Johanne. Huu upande mpana ndio utumbo wa Villads. Hapa kiunoni ndipo damu inapopita kuja kuulisha wote. Kwa mtoto mwingine kitambaa chote hiki kimeshonewa ukutani, hakiendi kokote. Chake kimeshikiliwa hapa kiunoni tu. Sasa ona." Akalisokota mara moja, akalisokota mara ya pili, mpaka kiuno kikawa kamba na maji yakachuruzika. "Damu itapita wapi hapo? Maziwa yatapita wapi?"

Johanne akatazama kile kiuno. Akafunga vifungo vyake. "Kresten!" akapiga yowe ambalo lilikata wimbo ndani. "Kresteeen!"

Bodil akalichukua gauni kutoka mikononi mwa Vibeke, akaanza kulisokotoa, taratibu, macho yake kwa mjukuu.

Gari la wagonjwa lilimbeba Villads na wazazi wake, Kresten bado ana karatasi ya wimbo mkononi. Vibeke akawafuata kwa gari lake, Asta mbele, Bodil nyuma. Njiani Vibeke aliongea bila kupumua: utumbo wa mtoto ni mgumu kuliko tunavyodhani, wamepigiwa simu mapema, wanawasubiri mlangoni, atapona, atakuja kuwavunjia madirisha kwa mpira. Alisema kwa uhakika, kama alivyosema kila kitu, na kwa kweli alikuwa na uhakika.

Mpasuaji wa zamu alikuwa Esben Toftlund, ambaye zamani Vibeke aliwahi kumwambia kwamba mikono yake ni ya kumenyea viazi. Alimtupia macho mtoto, akabonyeza tumbo, akasikia neno kijani, akasema hapotezi muda. Milango ikafungwa.

Kwenye korido Vibeke hakukaa. Alitembea huku na huku akiwaeleza Johanne na Kresten kinachofanyika kule ndani, hatua kwa hatua, wapi kisu kinapita na mkono unashika nini.

"Hebu kaa chini, mama," Bodil akamwambia. "Unatutia kizunguzungu."

Akakaa, kando ya Asta. Msichana alikuwa amejikunja, amekumbatia magoti, na bega la gauni lake jeusi lilikuwa na alama iliyokauka.

"Umefanya vizuri," Vibeke akamwambia. Sifa kutoka kinywani mwake ilikuwa kama mvua ya jangwani, naye alidhani msichana atachangamka.

"Niliiona kanisani," Asta akasema.

"Uliona nini?"

"Kijani. Alitapika begani mwangu kabla ya wimbo wa mwisho. Nikajua. Pale pale, Vibeke, nilijua yote, hata kile kitovu, hata jina la ugonjwa. Nikasema moyoni, wewe Asta, hili ndilo swali ulilofeli, subiri kidogo uone."

"Nilikuwa benchi la nyuma yako!"

"Ndiyo."

"Mbona hukugeuka ukaniambia?"

"Uliniambia amekufa." Asta hakumtazama. "Tangu Januari, kila nikitaka kujibu kitu nasikia hivyo. Mtu akiniuliza hata saa ngapi, nasikia hivyo. Nikaona nikikosea tena mbele yako, na mbele ya kanisa zima, sitaweza."

Vibeke akaanza kuhesabu. Toka kanisani mpaka nyumbani, picha mlangoni, kumvua mtoto, samaki, nyama, hotuba, beti mbili za wimbo. Muda wote huo utumbo wa Villads ulikuwa umenyongwa, na mtu mmoja alijua. Neno lile la Januari alikuwa amelisema ili msichana asisubiri tena maishani mwake. Ndilo lililomfanya asubiri. Vibeke akaogopa, kwa mara ya kwanza siku ile, na aliogopa kweli. Na ndani ya hofu kulikuwa na aibu iliyomchoma masikio. Mtoto yule akifa, akawaza, atakuwa wangu vilevile.

Jua la Mei lilikuwa bado liko dirishani Esben alipotoka, kofia mkononi.

"Yuko hai," akasema kwanza, maana alikuwa mtu mwenye akili. Halafu akawaeleza. Utumbo ulikuwa umejisokota mara mbili, akaurudisha kinyume cha saa, mzunguko kwa mzunguko. Ulikuwa mweusi kama ini. Akaufunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, wakasimama wote wakiutazama, na yeye akaanza kufikiria atakata wapi. "Halafu ukaanza kurudi rangi. Kidogo kidogo, kutoka pembeni. Mwishowe ukawa wa waridi wote. Sikukata kitu. Lakini mngemaliza kahawa na keki, nisingekuta cha kuokoa."

Johanne akalia kwa sauti, Kresten akamkumbatia, na ile karatasi ya wimbo ikabanwa katikati yao.

"Nani aligundua kwamba ni nyongo?" Esben akauliza.

Jibu lilimpita Bodil kooni kama mfupa wa samaki. "Vibeke," akasema.

"Si kweli," Vibeke akasema, akasimama. "Aliyegundua ni Asta. Aligundua kanisani, akajua jina lake na akajua la kufanya. Saa zilizopotea tangu pale zimepotezwa na mimi. Mimi ndiye niliyemziba mdomo mwezi wa Januari, kwa neno moja la kujionyesha mbele ya mtahini mgeni. Nilimvunja mbele ya mtu, basi ninamwomba radhi mbele ya watu. Nisamehe, Asta."

Asta akalia sasa, na ilikuwa afadhali. Nesi akaja kusema watu watatu wanaweza kumwona mtoto kwa muda mfupi. Johanne akamshika dada yake mkono bila kuuliza mtu, wakaingia wao na Kresten.

Wakabaki wanawake wawili kwenye korido. Vibeke alikuwa amegeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Matumbo yote aliyowahi kuyashika maishani mwake yalikuwa ya kijivu, na hakuna hata moja lililowahi kumrudia rangi mkononi. Sasa aliliwazia moja hili la waridi, na machozi yakawa hayashikiki. Bodil akavuta kitambaa cha vyombo kilichokuwa bado begani kwake tangu jikoni, akampa.

"Pangusa. Unatia huruma."

Vibeke akapangusa.

"Na Juni?" Bodil akauliza.

"Juni atavuta karatasi kama wengine."

"Na akikosea?"

"Nitamwambia amekosea," Vibeke akasema. "Halafu nitamwambia ajibu tena, pale pale, mtoto akiwa bado hai."